Fundi Akisema "Hii Tutoe Tu", Mwambie Asubiri

Kwenye gereji za Dar kuna maneno nimeyasikia kuliko mengine yoyote: "Dada, hii huku kwetu haina kazi, tutoe tu." Leo ni thamostati. Kesho ni feni iungwe moja kwa moja. Keshokutwa ni taa fulani inayosumbua kwenye dashibodi. Gari linatoka pale likitembea vizuri, hela iliyolipwa ni ndogo, kila mtu anafurahi. Baada ya miezi kadhaa linarudi na ugonjwa mkubwa kuliko ule wa kwanza, na hapo hakuna anayekumbuka ulianzia wapi.

Nakaa Kimara, nina watoto, na gari letu la nyumbani ni Noah. Kabla yake tulikuwa na Spacio tuliyoinunua mkononi kwa mtu. Magari hayo mawili, kama mengi ya mjini hapa, yalitumika kwanza Japani, na ndiyo yaliyonifanya niwe mkali sana kwenye jambo moja: sikubali kitu kitolewe kwenye gari bila kuelezwa kinafanya kazi gani. Gari la kisasa limepangwa lote kwa pamoja, kipande kinategemea kipande, na kompyuta inavisimamia vyote. Ukitoa kimoja, kompyuta inabaki inaamua mambo kwa taarifa za uongo.

Nianze na thamostati kwa sababu ndiyo inayoonewa zaidi. Ni valvu ndogo inayoenea kiganjani, inakaa kwenye njia ya maji yanayopoza injini. Injini ikiwa ya baridi, inazuia maji yasiende kwenye rejeta. Joto likifika nyuzi 80 na kitu, inafunguka. Fundi atakwambia Wajapani wameiweka kwa sababu ya barafu, Dar joto lipo la kutosha. Ukiisikiliza haraka, hoja ina mantiki. Lakini mchana wa Februari hapa kwetu ni nyuzi 32 hivi, wakati injini inataka kufanya kazi karibu na nyuzi 90. Joto la Dar haliwezi kuifikisha huko.

Ukiitoa, injini inachelewa kupata moto, sensa inaiarifu kompyuta kwamba bado baridi, nayo kompyuta inaendelea kumimina petroli ya ziada. Ndipo mtu anaanza kulalamika gari linabugia mafuta. Unyevu na petroli isiyoungua vinabaki kwenye oili badala ya kukauka, oili inachoka kabla ya wakati. Na kama gari lilikuwa linachemsha, kutoa thamostati isiyo na kosa kunaficha tu sababu yenyewe: rejeta imeziba, mfuniko wa rejeta umechoka, wota pampu inavuja, au feni haizunguki. (Ikiwa thamostati ndiyo iliyoganda, dawa yake ni kununua nyingine.)

Feni nayo ina mkasa wake. Kwenye magari yetu mengi inazunguka kwa umeme, ikiamriwa. Ikiacha kuzunguka, njia ya mkato ni kuunga waya ili izunguke muda wote ufunguo ukiwa umewashwa. Mota inaisha mapema, na siku ikifa uko katikati ya foleni ya Ubungo bila kujua. Mbaya zaidi, nimeona waya wa aina hiyo umepitishwa bila fyuzi. Huo ukichubuka na kugusa bodi unaweza kuunguza gari zima. Mwambie fundi atafute kilichokufa: fyuzi, rilei, sensa au mota yenyewe. Kimojawapo ndicho, na vyote vinauzwa.

Halafu kuna suala la maji. Nyumba nyingi za mjini hapa zinatumia maji ya kisima yenye chumvi, na hayo hayo ndiyo mtu anajazia kwenye rejeta asubuhi akiwahi kazini. Injini za sasa zina hedi ya aluminiamu, na chumvi inaila kimyakimya. Weka kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, tena ya aina inayotakiwa na gari lako. Wengi wanadhani kazi yake ni kuzuia maji yasigande. Kwa sisi wa pwani faida zake ni nyingine mbili: inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu.

Magari madogo mengi, Passo na Vitz kwa mfano, hayana mshale wa joto. Yana taa tu: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidi moto. Nyekundu ikiwaka kwenye foleni, zima AC, fungulia hita na feni yake hadi mwisho, hata kama mtatoka jasho, kwa sababu inasaidia kuvuta joto kutoka kwenye injini. Tafuta pembeni mara moja, zima injini, wateremshe watoto. Usiguse mfuniko wa rejeta mpaka umepoa kabisa. Maji yale yako kwenye mgandamizo, ukifungua yanaruka usoni.

Sasa taa za dashibodi. Hapa nawasihi hasa mnaonunua gari mkononi kwa mtu. Kabla ya kupiga staa, zungusha ufunguo hadi taa ziwake, uishie hapo. Angalia moja moja: ya oili, ya betri, ya cheki injini, ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukifunga breki), ya eabegi (puto linalomkinga mtu kwenye ajali). Zote zinatakiwa ziwake. Ya eabegi na ya ABS zitazimika zenyewe baada ya sekunde chache, ya oili na ya betri zitazimika injini ikinguruma. Ambayo haikuwaka kabisa ndiyo ya kuiogopa, pengine kuliko ile inayokataa kuzima.

Kwenye Spacio yetu taa ya eabegi haikuwaka hata kidogo. Pia honi ilikuwa imehamishwa, inapigwa kwa kitufe kilichofungwa chini ya dashibodi, upande wa kulia wa usukani. Fundi umeme alipofungua dashibodi, nyuma ya ule mchoro mdogo wa mtu aliyekaa na puto mbele yake palikuwa pamebandikwa kipande cha solotepu nyeusi. Taa ilikuwa inawaka muda wote, imezibwa macho. Kisa chenyewe kilikuwa waya wa mzunguko ulio ndani ya usukani, ule unaopeleka umeme kwenye honi na kwenye eabegi. Ulikuwa umekatika. Aliyetangulia alitafutia honi njia nyingine, na eabegi ya dereva akaiacha ife. Tulibadilisha waya ule, vyote viwili vikarudi.

Na eabegi pekee haitoshi. Imetengenezwa imsaidie mtu aliyefunga mkanda. Inafumuka haraka kuliko kupepesa jicho. Asiyefunga mkanda anarushwa mbele na kuikuta ikiwa bado inajaa, na kipigo chake ni kikubwa. Kwa hiyo wale wanaochomeka kishikizo cha bandia ili kunyamazisha mlio wa mkanda wanajinyima kinga mbili kwa mpigo. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele, hata kama ni kutoka hapa hadi kanisani tu. Kile kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma kisifungwe kamwe mbele ya eabegi inayofanya kazi. Wangu wanakaa nyuma, mikanda imefungwa, na gari haliondoki mpaka wote wafunge. Shangazi yao huniambia naringa. Na aseme.

Kuhusu ABS ni neno moja tu. Tuliojifunza gari na wazee tulifundishwa kupampu breki. Ukiwa na ABS, kanyaga kwa nguvu zote, shikilia, na elekeza usukani unakotaka kwenda. Pedali itatetemeka na kukoroma chini ya mguu. Usiiachie, ndiyo inafanya kazi. Breki fluidi nayo ibadilishwe kila miaka 2, kwa sababu inafyonza unyevu, na hewa ya mji huu ni unyevu mtupu.

Oili mimi namwaga kila kilomita 5,000. Kwenye foleni injini inafanya kazi saa nzima wakati kilomita hazisogei, hivyo mita ya kilomita haisemi ukweli wote. Usikubali kuwekewa oili nzito eti kwa sababu ya joto. Kama mfuniko wa oili au kitabu cha gari kinasema 5W-30, weka hiyo. Injini za VVT-i zinatumia mgandamizo wa oili hiyo hiyo kupanga ufunguaji wa valvu, na njia zake ni nyembamba. Giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za hatua, pia ina oili yake, isichanganywe na ya otomatiki ya kawaida. Na ukizoea kuendesha taa ya mafuta ikiwa imewaka, utanunua pampu: inakaa ndani ya tanki na petroli ndiyo inayoipoza.

Matairi: fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika yenye upepo unaotakiwa. Kwa kuwa ni ya Kijapani, mara nyingi imeandikwa kwa kPa. 220 ni sawa na PSI 32. Kijana wa sheli anayejaza 40 kwa kila gari anakupunguzia mshiko barabarani. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT, ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiona limeandikwa STUDLESS, hilo ni la theluji, mpira wake ni laini, halifai kabisa kwa lami yetu ya moto, hata kama kashata zake, yale meno yanayokanyaga barabara, bado ndefu.

Masika haya, barabara ikijaa maji na huoni chini yake, geuza. Barabara ya bonde la Jangwani hufungwa kwa sababu ya msingi. Gari likizimika ndani ya maji, usipige staa tena. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda hayabinyiki kama hewa, konrodi, chuma kinachosukuma pistoni, inapinda na injini imekwisha. Toeni watu, lisukumeni, au ita bredauni inayolibeba lote juu, kwa sababu otomatiki likivutwa kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini, giaboksi inaweza kuungua.

Turudi kwa fundi. Wapo wazuri sana mjini hapa, na tatizo mara nyingi linaanza na sisi wateja: tunataka gari jioni hiyo hiyo na kwa bei ya chini, naye anatafuta njia ya kutupa tunachotaka. Mimi huomba gari lipimwe kwa mashine kwanza, na namba ya hitilafu iliyosomwa na mashine isifutwe kabla sijaiona. Kisha nauliza: hiki kinafanya kazi gani, na kipya kinapatikana wapi? Nikienda kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani naenda na namba ya chasisi, muuzaji anapata namba halisi ya spea badala ya kukisia kwa macho. Kile cha zamani naomba nionyeshwe. Na nguvu ya kutafuta ugonjwa nailipia, hata siku ambayo hakikubadilishwa kitu.