Fowili kuukuu na hewa ya bahari: anza na uvungu wa gari

Pesa zangu za kwanza niliziweka mahali pabaya. Nilikuwa nimenunua pikapu ya Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, fowili (gari linaloweza kuendeshwa na magurudumu yote manne), ile yenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, bila tabo (turbo). Aliyeniuzia alikuwa akiitumia kuvutia mashua kutoka majini, na mimi jambo hilo sikulitilia maanani. Nilikimbilia springi za kuinua gari inchi mbili na tairi pana za meno. Mwezi wa tatu, tukipanda kuelekea Kwale, kishindo kikalia nyuma na gari likaketi upande mmoja. Kishikio cha springi kilikuwa kimeng'oka pamoja na kipande cha chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari. Springi mpya, bolti mpya, na chuma kilichozibeba kimebaki chembamba kama bati la debe.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza aanzie wapi humjibu vilevile: lala chali, ingia uvunguni, na usinunue kitu mpaka umalize kuangalia. Hapa kwetu pwani gari huliwa na chumvi kabla halijachoshwa na barabara. Wala si lazima uliingize baharini. Upepo huileta chumvi mpaka uani kwako, na ikishatua kwenye chuma hunyonya unyevu wa hewa. Unyevu ndio usiokosekana Mombasa, kwa hiyo chuma chako kimelowa hata wiki ambayo haikunyesha.

Chukua nyundo ndogo na tochi. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, taratibu, ukisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufifia, na pengine nyundo huzama. Kaa zaidi kwenye vishikio vya springi, chuma cha kukingama cha nyuma kabisa, na sehemu ya juu ya chesisi iliyofichwa na tangi la mafuta. Kumbuka chesisi ni boksi, ina uwazi ndani. Mchanga huingia, huziba matundu madogo ya kutolea maji, kisha kutu hula kutoka ndani huku nje rangi ikikuangalia vizuri. Chokonoa kila tundu kwa waya mgumu. Kutoka kwenye langu nilitoa mchanga wa kujaza karai, na vipande vya makombe ndani yake.

Sasa maji, na hapa naomba unisikilize sana. Wengi huosha gari kwa maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani na vya karibu na ufuo vina chumvi. Unaosha chumvi kwa chumvi. Yaonje kwa ncha ya ulimi kabla hujayamwaga. Tafuta maji ya mfereji au ya mvua, hata kama ni mitungi mitatu ya lita 20 uliyonunua kwa mwenye mkokoteni, na uyatumie yote chini: ndani ya mudgadi, juu ya ekseli, kwenye vishikio vya springi, ndani ya chesisi kupitia yale matundu uliyoyazibua. Bodi inaweza kungoja. Ukitoka ufuoni, osha siku hiyohiyo, usilaze. Na maji hayohayo ya kisima usiyatie kwenye radieta. Weka kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, kwa kuwa chumvi hutoboa radieta kama inavyotoboa chesisi.

Baada ya kukauka, sugua kutu kwa brashi ya waya, paka dawa ya kutu, praima, kisha rangi. Ndani ya chesisi pulizia nta ya kuzuia kutu kwa mpira mrefu. Utaambiwa upake oili chafu ya injini, ni rahisi na ipo. Mimi niliacha. Huharibu bushi za mpira, na inayodondoka huingia ardhini, na visima vyetu havina kina kirefu. Wazee wa majahazi walikuwa wakipandisha chombo na kukipaka upya deheni, yale mafuta ya kuzuia maji yasipenye mbao, wakijua bahari haichoki. Gari la pwani nalo linataka kurudiwa hivyo. Mimi hurudia kabla ya masika, na tena kabla ya vuli.

Kazi ya Jumamosi huanza Alhamisi usiku. Pulizia bolti utakazofungua mafuta ya kulegeza kutu, rudia Ijumaa baada ya swala, na asubuhi zitakuja bila ugomvi. Bolti ikikataa usiongeze bomba kwenye spana. Ipashe moto, igonge, iache, kanywe chai kwa mahamri, urudi. Ukifunga, paka grisi ya shaba ili mwakani usiteseke. Na kazi yoyote ambayo huenda ikahitaji spea, ifungue mapema Jumamosi maduka yangali wazi. Kufungua habu, yaani kitovu cha gurudumu, Jumapili alasiri na Jumatatu una kazi ni kujitafutia tabu.

Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka stendi, na chini ya stendi weka ubao mpana, maana mchanga wetu huzama. Jiwe la matumbawe usilitumie hata kidogo, linapasuka ghafla. Jambo jingine geni kwa wengi: ukiacha gia ndogo, ile ya kuchagua fowili, kwenye N (huru), gia kubwa ya kawaida haizuii kitu hata ukiiingiza. Gari litatembea. Weka kabari kwenye magurudumu.

Mashine ya fowili yenyewe huharibiwa na kukaa bure. Mwezi usipite bila kuzungusha habu za mbele zishikane na ekseli, na kwenda kilomita chache kwa H4 (fowili ya mwendo wa kawaida), kisha L4 (fowili ya polepole yenye nguvu), kwenye njia ya vumbi au mchanga. Kwenye lami kavu usifanye hivyo. Gari hizi hazina difu ya katikati, yaani gia za kuruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, na ukikata kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Mvutano huo hauna pa kutokea ila kwenye shafti na gia.

Kuhusu injini nitasema moja tu. 1HZ ina mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpigo mmoja, na Toyota inautaka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ikiwa muuzaji hana daftari, badilisha. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, injini ikaharibika.

Nimefika kwenye mapambo, na najua ndiyo uliyokuja kuyauliza. Bampa la chuma, winchi, kerea ya juu: kila kimoja ni kilo, na kilo hizo huzibeba springi na breki zilezile za zamani. Tairi kubwa hudanganya mita ya kasi, ikisoma pungufu, na huzipa breki kazi zaidi. Ukiinua gari, lisimamishe kwenye chesisi, magurudumu yaning'inie, kisha angalia mipira ya breki kama imekazika. Wangu ulikuwa umenyooka kama uzi, na nilikuwa nimebeba watu.

Ningekuwa naanza upya ningetengeneza kitu kimoja kabla ya mapambo yote hayo: vipumulio vya difu. Kila difu, lile boksi la gia kwenye ekseli, ina kitundu cha kupumulia chenye valvu ndogo juu ya ekseli. Chumvi ikiiziba, difu ikipata moto husukuma oili nje kupitia sili, ile mipira ya kuzuia uvujaji. Na ukiingia majini ingali na moto, hewa ya ndani hupoa, hunywea, na difu hufyonza maji kupitia sili hizohizo. Oili inayotoka rangi ya chai ya maziwa ndiyo dalili. Toa valvu, funga mpira wa mafuta kwa klipu, upitishe kando ya chesisi hadi juu kwenye injini. Kwangu ilichukua asubuhi moja. Masika yaliyofuata tulivuka maji ya magotini upande wa Kinango, na Jumamosi yake nikafungua plagi ya chini ya difu ya nyuma. Oili ilitoka nyeusi, nzito, bila tone la maji.