Maswali na Majibu: Vishale Vipya Mkononi

Barua nyingi za safari hii zinaleta jambo moja: msomaji amenunua seti mpya ya vishale vya kurusha ubaoni, amerusha siku mbili tatu, na sasa hajui kama tatizo ni vishale au ni yeye. Ni swali la haki, na mara nyingi linajibiwa haraka mno.

Shikamoo mwalimu. Miaka mitatu nimekuwa nikirusha vishale vya shaba njano, gramu 18. Majuzi nimenunua vya tungsteni, gramu 24. Tangu hapo nikilenga 20, pale juu ya ubao, vinatua chini, na alama zangu zimeshuka. Nirudi kwenye vya zamani?

Marahaba. Usirudi, bado ni mapema. Mkono wako umezoea kusukuma gramu 18. Ukiusukuma mzigo wa gramu 24 kwa nguvu ileile, kishale kinaondoka vidoleni kwa mwendo mdogo kidogo, na kinachokaa hewani muda mrefu zaidi kinashuka zaidi kabla ya kufika. Hiyo si kasoro ya kishale. Mkono utajirekebisha wenyewe, ila si kwa siku tatu.

Ninachokuomba ni uache kwanza kuhesabu alama, kwa sababu alama humdanganya anayejaribu vishale. Pembeni mwa 20 kuna 5 na 1. Kishale kilichokosea kwa upana wa kidole kinakupa 1, na kilichopotea kabisa kikaenda kutua sehemu ya chini ya ubao kinaweza kukupa 19. Ukisoma karatasi utadhani cha pili ndicho kizuri. Tazama badala yake jinsi vishale vitatu vinavyokaa pamoja. Rusha raundi 10, yaani vishale 30, ukilenga sehemu ileile, na kila raundi pima kwa jicho: kiganja kimoja kingevifunika vyote vitatu? Andika ndiyo au hapana. Vikikaa karibukaribu lakini chini ya unapolenga, furahi, maana vimeshaukubali mkono wako na kilichobaki ni kimo tu. Vikiendelea kutawanyika kila upande hata baada ya wiki mbili, hapo niandikie tena tuzungumze kuhusu uzito.

Jambo jingine: usilinganishe seti mbili jioni moja kwa mpangilio uleule kila siku. Seti ya kwanza hurushwa mkono ukiwa bado mzito, ya pili mkono ukiwa umechangamka, na ya pili hushinda bila kustahili. Leo anza na mpya, kesho anza na ya zamani. Mimi niliwahi kuiacha seti nzuri kwa kosa hilo, na iliniuma sana nilipogundua.

Vishale vyangu vipya vinayumba hewani, na vikichoma ubao mkia unaning'inia. Nimebadilisha vijiti vinavyoshika mabawa mkiani, mabawa yenyewe na hata mshiko, wala hakuna kilichosaidia.

Umebadilisha vitatu kwa mpigo, ndiyo maana huwezi kujua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu. Virudishe kama vilivyotoka kwenye kasha, na wewe urudi kwenye mshiko wako wa siku zote. Kisha badilisha mabawa peke yake. Mabawa mapana hushika hewa zaidi, huuvuta mkia nyuma na kukinyoosha kishale mapema. Membamba hupita hewani kwa wepesi, lakini hayafichi kosa la mkono. Kama seti yako ilikuja na membamba, weka mapana na urushe jioni tatu bila kugusa kingine.

Mkia ukiendelea kuning'inia, ndipo uje kwenye vijiti. Vifupi vina takriban milimita 35, vya wastani 48 hivi, na kati ya hivyo kuna vya kama 41. Panda saizi moja tu. Kijiti kirefu huyapeleka mabawa nyuma zaidi ya uzito wa kishale, na nguvu yake ya kukinyoosha huongezeka. Ikiwa mkia unanyanyuka mno, fuata njia ya kinyume. Ukinyanyuka kidogo tu, uache ulivyo.

Tungsteni ya asilimia 80 na ya asilimia 95 zina tofauti ya kweli?

Ipo, na iko kwenye unene. Asilimia hiyo ni kiasi cha tungsteni katika metali ya kishale. Sentimita moja ya ujazo ya tungsteni ina gramu 19 na ushei, wakati shaba njano ina 8 na nusu hivi. Kwa hiyo kwa gramu zilezile, kadiri tungsteni inavyozidi ndivyo kiwiliwili cha kishale kinavyokuwa chembamba. Pete ya mara tatu, ile nyembamba inayozidisha namba mara tatu, ina upana wa milimita 8 tu. Viwiliwili vinene vikishatangulia humo viwili, cha tatu hukosa pa kupita. Kutoka shaba kwenda tungsteni ya 80 utaihisi tofauti mara moja. Kutoka 80 kwenda 95 ni hatua ndogo, na sioni haja yake kwa mtu ambaye vishale vyake bado havikai pamoja.

Mabingwa wanatumia gramu ngapi, nami ninunue hizohizo?

Phil Taylor, bingwa wa dunia mara 16, alijulikana kwa gramu 26. Ryan Searle, mchezaji mwingine wa kulipwa, anarusha 32. Wengi wako kati ya 20 na 26, na kanuni zinaruhusu hadi 50. Mkono wa Searle si wako. Azima vya wenzako uonje kwanza.

Nimepima mita 2.37 kutoka ukutani hadi mstari wa kurushia. Ni sawa?

Si sawa, na nimefurahi umeuliza. Kipimo huanzia uso wa ubao, si ukuta. Ubao una unene wake, na kibao kilichoubeba kina unene wake pia, kwa hiyo umesimama karibu kuliko inavyotakiwa. Katikati ya jicho la ubao, yaani kiduara cha katikati kabisa, pawe mita 1.73 kutoka sakafuni. Kisha vuta utepe kutoka jichoni moja kwa moja hadi mstarini: usome mita 2.93. Usipopata hivyo, yote uliyoyaona kuhusu vishale vyako vipya yafute uanze upya.

Vishale vipya vinadunda na kuanguka kuliko vya zamani. Nimeuziwa vibovu?

Pitisha ncha kwenye ukucha taratibu. Ikiwa ni butu, itashindwa kuteleza pembeni ya waya. Ikiwa kali kama sindano, itaung'ang'ania waya na kurudi ilikotoka. Jiwe la kunolea, mizunguko michache, ncha ibaki kali lakini iliyoviringika kidogo. Ondoa pia vijikwaruzo, maana hivyo huzing'oa nyuzi za mkonge za ubao ambazo zingejifunga zenyewe ukichomoa kishale.

Kabla ya kulaumu ncha, angalia pale pa 20 kwenye ubao. Pakiwa pamevimba na kukauka, toa pete ya namba uuzungushe ubao ili sehemu mpya ikae juu. Na kishale kilichoanguka kabla hujakichomoa hakihesabiwi, hata kama uliona kimegusa mara tatu ya 20.

Vile vya zamani nivitupe?

Hapana. Viweke na mabawa yake yaleyale, usivibadilishe chochote. Siku ambayo vipya havikai pamoja, rusha raundi tano kwa vya zamani. Navyo vikitawanyika, ni mkono uliochoka, kalale.