Giza Likiingia, Cherehani Inalala

Shangazi, shikamoo. Mume wangu ni fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Ziwa si kazi yake, ni ugonjwa wake. Shemeji yangu ana kipe, chombo cha kuvulia dagaa, huko Katonga. Akipiga simu tu kwamba dagaa wanatoka, fundi anafunika cherehani na kupotea. Januari tulichukua sare za watoto kumi na mmoja. Shule zikafunguliwa yeye yuko majini, wazazi wakanifokea mimi. Kikao cha mahari ya mdogo wake hakufika. Nikilalamika ananionyesha ndoo ya dagaa: "Ziwa halimsubiri mtu." Mwezi uliopita ilikuwa zamu yetu kupokea wenzetu wa kikundi cha kuweka na kukopa, akaenda tena. Wageni walikaa uani hadi saa tatu, mbalamwezi kama mchana, hata taa hatukuwasha. Asubuhi akarudi na ndoo tupu. Nimfanyeje?
Mke wa Fundi, Mwanga

Marahaba, mwanangu. Nimecheka kwanza, hasira zikaja baadaye. Marehemu mume wangu naye alikuwa hivyo hivyo, ila yeye angalau alikuwa mvuvi, na mimi nimeanika dagaa Katonga hadi mgongo ukapinda.

Sikatai, ziwa linavuta. Taa zimewashwa, maji chini ya wavu yanameremeta kama mtu kamwaga sarafu. Sare za shule utazikumbukia wapi? Hata Hawaii, kwenye mchezo ule wa kusimama juu ya ubao na kupanda mawimbi, zamani bahari ikiinuka watu waliacha mashamba wakakimbilia pwani. Lakini wimbi zuri hujileta lenyewe. Giza halijileti, giza linahesabika. Dagaa hufuata taa, na taa haina nguvu mwezi ukiwa juu, ndiyo maana mwezi ukikomaa wavuvi hukaa nchi kavu wakishona nyavu zao. Basi na mumeo ashone zake! Tundika kalenda karibu na cherehani, zungushia siku za mbalamwezi, na usipokee kitambaa cha mtu mpaka umwahidi siku iliyomo humo. Advansi ishike wewe. Shemeji naye mwambie, kwa heshima, kwamba kabla ya kumpigia kaka yake akupigie wewe uangalie meza ya kukatia ina nini.

Halafu nijibu hili: mwaka 2024 ziwa lilipofungwa, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, kazi za watu zilitoka kwa wakati? Kama hazikutoka hata miezi mitatu ile, tusiwasingizie dagaa.

Mahari ya mdogo wake aende akaombe radhi mwenyewe. Hilo si lako.

Ila kuna mstari mmoja katika barua yako nimeurudia mara tatu. Usiku wa kikundi mlikaa uani bila taa. Kwa mbalamwezi ya namna hiyo, vipe vya Katonga ninavyovijua mimi huwa vimefungwa ufukweni, wenyewe wamelala. Naye akarudi na ndoo tupu. Sisemi kitu, mwanangu. Muulize mkiwa wawili tu, tumbo likiwa limeshiba, na shemeji usimwite kuwa shahidi, maana huenda hata hajui jina lake lilitumika. Kisha uniandikie alivyojibu.