Fibaglasi Iliyoota Manyoya Juu ya Kamba za Nguo

Wapangaji wetu pale Kayole, Nairobi, walianza kwa kulaumu sabuni. Ukivaa shati tu, shingo inawasha. Mama wa ghorofa ya pili alibadilisha sabuni mara mbili. Jirani yake akapulizia godoro dawa ya kunguni. Nilijua ukweli siku nilipopanda kule juu kufagia, mikono ikaniwasha hadi jioni. Mabati ya fibaglasi tuliyoezeka ili nguo zikauke hata mvua ikinyesha yalikuwa yameota manyoya.

Manyoya yenyewe ni nyuzi za kioo. Fibaglasi ni nyuzi hizo zilizoshikwa na resini, yaani gundi ya plastiki iliyoganda, na jua huanza na resini. Miale ya jua isiyoonekana, ya urujuanimno (UV), huikatakata taratibu: inageuka manjano, inafifia, inatoa unga kama chaki, mwisho nyuzi zinabaki uchi na upepo unazipeleka kwenye shuka za watu. Nairobi iko karibu na ikweta, yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya asubuhi isikudanganye. Miale hiyo haipimwi kwa joto.

Lakini jua si la kulaumiwa peke yake. Mabati yale yalikuja na utando wa kinga upande mmoja, na fundi wetu akayalaza kifudifudi. Kibandiko cha "upande huu utazame jua" kilitutazama sisi miaka sita, hakuna aliyekisoma, nami nikiwemo. Kwa hiyo siku ya kuezeka, panda juu mwenyewe.

Ukiwa huko, angalia kingo. Kila palipokatwa na kila tundu la skrubu ni mlango: maji hufuata unyuzi kama mafuta yapandavyo utambi, yakaubandua kutoka kwenye resini. Paka resini hapo kabla fundi hajashuka.

Siku hizi kila Januari, kabla ya masika, napitisha kitambaa cheusi juu ya bati. Kikitoka na unga mweupe, bado hujachelewa: osha, piga msasa huku umelowesha ili vumbi lisiruke, acha likauke, paka rangi ya akriliki yenye kinga ya jua. Nyuzi zikiwa zimeshachomoza kama zetu, vaa glavu na barakoa, mwagia maji, shusha.

Kuna wanaoniuliza kuhusu nondo za fibaglasi, zile za kutia ndani ya zege badala ya chuma. Kutu haiziwezi, kweli. Ila zege lina ualkali mkali unaokula kioo, na ngao ni resini ileile; ukizipinda kwa nguvu saiti, umeipasua. Mikunjo iagizwe kiwandani. Tena ukakamavu wake ni kama robo ya chuma, kwa hiyo usibadilishe moja kwa moja bila injinia kupiga hesabu upya.

Mabati mapya yana mwaka wa tatu. Mama wa ghorofa ya pili nimemweleza yote haya, akanisikiliza vizuri, na ile sabuni ya kwanza bado hainunui.