Jibu: Hereni za kuning'inia zenye almasi na lulu zisizo duara, karati 18 au 22?

Dada, umeuliza uchague ipi kati ya jozi mbili za hereni ulizoonyeshwa, moja ya dhahabu ya karati 18 na nyingine ya 22. Chukua ya karati 18, yenye muhuri wa 750, yaani sehemu 750 za dhahabu safi kati ya 1000. Dhahabu ya 22 inapendeza, lakini ni laini: makucha yanayoshika almasi hupinda kwa urahisi zaidi, na jiwe linaweza kudondoka bila wewe kujua.

Kagua lulu zaidi ya almasi. Lulu ya hereni kwa kawaida hutobolewa nusu, ikachomekwa kwenye kijiti cha dhahabu na kugundishwa. Omba lenzi ya sonara inayokuza mara 10, uangalie pale lulu inapokutana na kikombe kidogo cha dhahabu inamokalia. Ukiona ufa au ganda linabanduka, iache. Halafu izungushe taratibu kwa vidole viwili. Ikicheza, huenda gundi imeachia na siku moja lulu itabaki barabarani. Kijiti chenye mikato hushika gundi vizuri kuliko kilicho laini.

Usidai zifanane kabisa, lulu hizi hazina pacha. Linganisha rangi, mng'ao, urefu na uzito. Zininginize zote mbili: upande mzuri uangalie mbele wenyewe, maana lulu hugeukia kulikolemea.

Hereni zikiwa nzito, tundu la sikio linaweza kurefuka. Omba vifungio vipana vya nyuma.

Manukato yatangulie, hereni zifuate. Ukizipeleka kusafishwa, mwambie sonara asizitie kwenye mashine ya mitetemo, na nyumbani usitumie ndimu wala siki: asidi hula lulu. Kitambaa laini chenye unyevu kinatosha.