Kilengeo cha mbele kimezidi urefu

SWALI: Nimefunga kilengeo kipya cha mbele juu ya reli (ukanda wa kufungia vifaa) ya kishikio cha mbele cha karabini yangu ya AR-15. Ncha yake ya kulengea nimeishusha hadi mwisho, bado risasi zinapiga chini. Kasoro ni nini?

JIBU: Huenda kilengeo hicho ni cha kufungwa kwenye bloku ya gesi, yaani kipande kilicho juu ya mtutu kinachopitisha gesi ya risasi. Reli ya bloku mara nyingi huwa chini kidogo, hivyo kilengeo chake hutengenezwa kirefu. Kwenye reli iliyo kimo kimoja na ile ya nyuma yenye kilengeo cha nyuma, ncha inazidi. Ili uione katikati ya tundu la kilengeo cha nyuma, unainamisha mtutu bila kujua. Hakikisha bunduki haina risasi, chemba ikiwemo, kisha laza rula ndefu juu ya reli zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Ikilala bila mwanya, badilisha kilengeo cha mbele. Usichonge ncha!