Jibu: Kristali ni nyembamba, mbona picha inafifia pembeni?

Umeuliza kwa nini skana yako ya PET ya kichwa (mashine inayopiga picha kwa kufuatilia dawa yenye mnururisho), yenye kristali za LYSO (hutoa mwanga zikipigwa na mnururisho) za upana wa milimita 1.5 na urefu wa milimita 20, hutoa picha kali katikati lakini hafifu kuelekea gamba la ubongo. Tatizo ni kina. Dawa hutoa fotoni mbili za keV 511 zinazokwenda pande kinyume; moja ikiingia kwa mshazari hupenya kristali ya kwanza na kusimama katika ya jirani, na mfumo usiojua kina hicho huchora mstari wa kuunganisha fotoni hizo mbili pasipo mahali pake. Pete ya kristali inayozunguka kichwa ikiwa ndogo, kosa huongezeka.

Tafadhali usizifupishe kristali kuwa milimita 10: fotoni zote mbili lazima zinaswe, hivyo hasara ya usikivu hujizidisha. Pima kina. Soma mwanga kwenye ncha zote mbili za kristali kwa SiPM (vihisi vidogo vya mwanga), kisha tumia uwiano wa ishara. Hapa wengi hukosea kwa kung'arisha kristali pande zote. Ubavu wenye mkwaruzo kidogo ndio unaofanya mwanga upungue kadiri ya umbali. Skana ya HRRT, ambayo ni PET ya ubongo, ilitumia njia nyingine: tabaka mbili za kristali za milimita 10, zikitofautishwa kwa kasi ya mwanga kufifia.

Pete ndogo usiiache. Fotoni haziachani kwa nyuzi 180 kamili, na ukungu unaotokana na hilo ni takriban 0.0022 mara kipenyo: milimita 0.66 kwa pete ya milimita 300, lakini 1.76 kwa ya 800.

Dhibiti pia joto la SiPM, maana likipanda ukuzaji wa ishara hushuka na dirisha la nishati (kiwango cha nishati ambacho skana hukubali) huhama.